Soko la mtaani: likarabatiwe au libomolewe lijengwe upya?

Mjadala huu ukianza vijiweni Ngamiani hauishi, kila mtu anavutia kamba kwake. Tuanze na hela. Ukarabati ni nafuu, unabadilisha mabati (hewa ya chumvi hapa Tanga inayala fasta), unazibua mitaro, wafanyabiashara wanahamishwa kwa zamu na wateja hawapotei. Ila mara nyingi zile nyaya za umeme za kuungaunga zinabaki humohumo, na hapo ndo mimi naogopa, maana moto haupigi hodi. Soko la Kariakoo kule Dar, lile alilochora msanifu majengo Beda Amuli, lilifunguliwa 1975, likaungua Julai 2021 na watu wakakaa miaka wakisubiri kurudi.

Ghorofa jipya linakupa vyoo, stoo na mabomba ya zimamoto, sawa, ila kodi inapanda na nani atapanda ngazi kufuata fungu la mchicha? Muuza samaki na beseni linalochuruzika hadi ghorofa ya pili, aah wapi. Na lifti ikifa ndo imekufa.

Kwa hiyo unauza mboga au dagaa, pigania ukarabati. Una vitenge au simu na mtaji wa kuvumilia kuhamishwa, jengo jipya litakulipa. Mama ntilie aulize kwanza kama jiko la mkaa litaruhusiwa ndani.