Kozi ya Kijapani na neno moja nililoambiwa mbele ya watu

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo lililonifanya niandike: papasi.

Asiye wa Unguja huenda akashangaa mtu mzima kukosa usingizi kwa neno hilo. Papasi ni kidudu kinachojificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo. Usiku kinatoka, kinakunyonya damu na kukuachia homa. Hapa mjini ndilo jina la wale vijana wanaowaganda wageni tangu wanaposhuka boti Malindi mpaka wafike mlangoni mwa hoteli, hawana kibali wala aibu. Mimi ni muongozaji watalii. Nina kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, nakivaa shingoni hata jua likiwaka mpaka plastiki inaniunguza kifua. Kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka ishirini. Na nimeitwa papasi darasani, mbele ya watoto wa kuwazaa, na mtu ambaye mshahara wake unatoka kwenye ada yangu.

Chuo sikitaji. Ni chuo kikuu, kiko hapahapa Unguja, anayejua anajua. Mambo ya ada, ratiba na saa ngapi kwa wiki nendeni mkaulize wenyewe, karatasi imebandikwa mlangoni. Mimi nasema yale ambayo karatasi haiyasemi.

Niliingia daraja la pili la wanaoanza. Hapo si alifu kwa kijiti tena, hiragana na katakana, zile herufi zao za silabi, zinatakiwa ziwe kichwani, lakini gazeti bado huligusi. Anayetaka mtihani wa kimataifa, hapo ndipo anapojiandalia N4, ngazi ya pili kutoka chini. Daraja la kwanza nililiruka kwa usaili, kwa sababu Kijapani nakizungumza. Nimekiokota kwa wageni, kwenye mashamba ya viungo Kizimbani, kwenye boti ya kwenda Changuu, kwenye meza za Forodhani usiku. Wala si lugha ya kumtisha Mswahili. Irabu zao ni tano, a, i, u, e, o, zilezile zetu. Kuhesabu kwao vitu kwa namna ya umbo lake, vyembamba kivyake na vya bapa kivyake, kunawatoa machozi Wazungu, lakini sie tuliolelewa na ki-vi na u-zi tunaona ni ngeli tu zimevaa nguo nyingine. Na ile te yao ya kuunganisha vitendo ni binamu yake ka yetu. Sie tunasema "alikula, akanywa, akarudi", wakati tumeutaja mwanzoni. Wao wanasema tabete, nonde, kaerimashita, wakati wanaungojea mwisho. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu ndani ya daladala, mama wa pembeni akasogea.

Na vichekesho havikuwa haba. Mwalimu mwenyewe ni mama wa Kijapani, mpole, sauti yake kama ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Siku ya somo la vyakula akaonyesha picha ya pweza, akatamka kwa ufasaha kabisa: tako. Pweza, jamani, kwao anaitwa tako. Darasa zima kimya, watu wamekaza taya, mpaka kijana mmoja wa nyuma akauliza kwa heshima kama Forodhani anaweza kuagiza tako la kuchoma. Hapo hata wasichana wenye nikabu walitikisika. Ajali ni jiko. Sikio ni mimi. Nani maana yake nini, na mtu unamuulizia kwa dare. Neno lao la dubu silitii hapa, mama yangu anasoma. Na kwa kuwa hawatofautishi L na R, akina Salum wote wa darasani wakawa Sarumu, na saru kwao ni kima. Kanji, zile herufi zao za asili ya Kichina, nazipita, kila mtu ana jeraha lake. Moja tu niliipenda, ya kupumzika: mtu kando ya mti. Ndivyo tunavyowangojea wageni sie pale Forodhani.

Sasa mratibu.

Ni kijana wetu, Mzanzibari, amesoma Japani, karudi anainama kila anapopokea simu. Kazi yake ni kuendesha kozi na kusimamia mazoezi ya kuzungumza. Mimi ni mkubwa kuliko ami zake, nakisia. Shikamoo hakunipa tangu siku ya kwanza. Nikasema labda kaisahau kwa muda aliokaa ughaibuni, haya. Lakini mtu huyohuyo somo lake kubwa ni adabu! Kijapani kina kitenzi cha kula ukimtaja mkubwa na kingine ukijitaja mwenyewe, kina neno la mama ukimsema wako na jingine ukimsema wa mwenzio, na yote hayo yeye anayamimina kama maji. Adabu ya Kijapani anayo kamili. Ya kwao kaiacha kwenye ndege.

Siku hiyo, kabla ya Ramadhani, zoezi lilikuwa maigizo: mmoja mgeni, mmoja muongozaji. Mimi huyo! Nilisimama kama bwana harusi. Msichana mmoja akawa mgeni wa Kijapani, ameshika simu, anataka picha mbele ya mlango wa kuchonga. Nikasema lile ninalolisema kila siku ya Mungu: "Shashin, totte ageru yo!" Nitakupigia picha.

Mratibu akacheka. Mdomo hakuuziba. Akasema kwa Kiswahili, ili isimpite hata mmoja: "Hapana, hapana, mzee. Hiki si Kijapani, hiki Kijapani cha mapapasi."

Darasa likalipuka. Yule msichana aliyekuwa mgeni akainamisha kichwa, Mungu ambariki. Mwalimu akatabasamu na kupanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nikamuuliza, "Mwanangu, papasi ni nani hapa?"

Akajibu, "Sikukusema wewe. Nimekisema Kijapani chako."

Kana kwamba ulimi wangu nimeuazima. Nikachukua mkoba wangu nikatoka, na mvua ilikuwa inanyesha, na sikungoja ikatike.

Usiku huo niliandika maoni haya kwa mara ya kwanza. Yalikuwa mafupi: nyota moja, msipoteze pesa zenu, kozi ya kuwadhalilisha watu wazima. Niliongeza kuwa hata mtihani wao wa kimataifa unapima msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza, lakini sehemu ya kuzungumza haimo, kwa hiyo hao mabingwa wa N4 mkiwaweka bandarini watasimama kama nguzo. Hilo bado nalishikilia. Maoni hayo sikuyatuma. Bando liliisha, nisijipambe.

Kwa wiki mbili hivi sikuenda. Kisha nikapata wageni wazee, mke na mume, wa Osaka. Forodhani, jua linazama, bibi akanipa kamera. Neno likaja ulimini, likakwama. Totte a... nikanyamaza. Nikapokea kamera kama bubu, nikapiga, nikarudisha. Jamani, hapo ndipo nilipokasirika kweli. Matusi yanapita. Lakini yule kijana alikuwa ameniingia mdomoni! Neno nililolisema miaka yote bila woga, likanifungia njia mbele ya mgeni aliyenilipa.

Nikaenda kumtafuta mwalimu, si yeye. Nikamuuliza wazi: lile neno langu lina nini?

Akavuta pumzi kwenye meno, akasema "Chotto..." Chotto maana yake kidogo. Lakini ukikaa nao utajua kuwa chotto ni hapana iliyovaa buibui. Nikangoja. Mwisho akanieleza, taratibu, na nitawaeleza hapa bure, maana mimi nimelipia muhula mzima.

Sie tukisema "nikupigie picha", ile herufi i katikati ya kitenzi ndiyo inayobeba wema wote, na hainuki masimbulizi. Kijapani chao hakiko hivyo. Wema una mwelekeo: anayetoa na anayepewa, nani yuko juu na nani yuko chini. Ukisema totte ageru, unatangaza kuwa unamfanyia hisani. Kwa mdogo wako sawa, kwa rafiki sawa. Kwa mgeni, tena mzee, tena mteja, ni kama kumwambia: "Haya lete, leo nakuhurumia, nitakupiga picha." Na kutia masu ya heshima mwishoni, totte agemasu, hakulioshi. Muongozaji anatakiwa ajishushe: "Otori shimashou ka?", yaani, je, nikupigie picha? Akanitamkisha mara tatu. Akanieleza pia kuwa Kijapani changu chote ni cha namna ile ya mkato, ya watu waliozoeana, kwa sababu nilikidaka kwa wageni walipokuwa wakizungumza wao kwa wao, mume na mke, mama na mwanawe. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa nyumba ya watu, nikachukua lugha ya chumbani.

Nikamuuliza amelijua hilo tangu lini. Akasema tangu usaili.

Tangu usaili! Na muhula mzima, kila nikifungua mdomo, mama huyu ananiambia "Jouzu desu ne", unazungumza vizuri. Sasa niambieni nyie, yupi amenidhulumu? Aliyenitukana kwa sentensi moja, au aliyenisifu kwa miezi na kuniacha niendelee kuwahurumia wazee wa watu kwa picha? Nilitoka pale namchukia yeye zaidi. Ilidumu mpaka Darajani. Mtu mwenye sauti ile hachukiki. Nikarudi kwenye hasira yangu ya mwanzo, angalau ile ina uso.

Darasani nilirudi kwa sababu ada hairudishwi. Nakiri. Na nilikuta wameanza kauli ya kutendwa, ambayo kwetu ni w tu, uza, uzwa, na kwao ni uru, urareru. Nikajua hapa napumua. Mratibu ndiye aliyekuwa zamu. Hakunitazama. Akaandika ubaoni sentensi mbili. Ya kwanza: Koko de hito o utta yo. Ya pili: Koko de ooku no hito ga uraremashita.

Ile ya kwanza ni yangu. Ni yangu hasa, neno kwa neno. Ndiyo ninayoisema Mkunazini, pale kanisani palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, nikishawashusha wageni kwenye vile vyumba vya chini vyenye dari la kuinamia. Nilikusudia kusema "hapa waliuza watu". Kwetu kitenzi hakitoki nyumbani bila mtendaji wake, wa- ipo pale mbele. Kwao mtendaji anaachwa tu, na asipotajwa, masikio ya msikilizaji yanamgeukia msemaji. Koko de hito o utta yo. Hapa niliuza watu, bwana!

Miaka mingapi? Vikundi vingapi? Nakumbuka bibi mmoja, zamani sasa, alinitazama mle chini akasogea kwa mumewe. Nilidhani ni kwa ajili ya joto.

Siri ya ubao ule sijaijua. Nadhani aliwahi kupita Mkunazini na wageni wake akanisikia. Aliiandika anikomoe, au alitafuta njia ya kuniambia bila kunitaja jina, kijapanijapani, baada ya kuona ile ya Kiswahili imeharibika? Darasa halikucheka, maana hakuna aliyejua ni ya nani. Niliinakili ya pili: hapa watu wengi waliuzwa. Mkono ulikuwa unatetemeka na sitasema ni wa hasira.

Kwa hiyo kama mnauliza mjiunge au msijiunge: msijiunge. Fotokopi hazisomeki, projekta inazima ikisikia adhana, na mratibu hana malezi. Ila kama kazi yako ni wageni wa Kijapani, na hasa kama unakizungumza tayari na watu wanakusifu, basi jiunge, tena upesi, kabla hujasema lingine. Nyota sijui niweke ngapi. Niliweka moja, nikaweka nne, sasa naona nne ni nyingi kwa chuo kisichofundisha watu wake kuamkia.

Juzi nilipeleka fomu ya muhula ujao. Alikuwa yeye dirishani. Akaipokea kwa mikono miwili, kichwa kainamisha, Kijapani kitupu. Shikamoo hakutoa.

Nikamwambia marahaba, nikaondoka.