Ethanoli au isopropanoli: ipi ya kusafishia?

Zote ni alkoholi, zote huitwa spiriti, ndiyo maana ubishi hauishi. Ethanoli, ile ile ya kwenye pombe, ni C2H5OH: atomi 2 za kaboni, 6 za hidrojeni, 1 ya oksijeni. Isopropanoli ni C3H8O. Kundi lake la OH (oksijeni iliyoungana na hidrojeni) limekaa kwenye kaboni ya katikati.

Kwa kuua vijidudu zinakaribiana. Shirika la Afya Duniani linakubali kitakasa mikono chenye ethanoli 80% au isopropanoli 75%. Ethanoli hutangulia pale penye virusi visivyo na utando wa mafuta, kama vile vya kuharisha. Ila usikimbilie chupa ya 99% ukidhani ni kali zaidi: maji yaliyomo kwenye ya 70% husaidia kuharibu protini za kijidudu, tena huchelewesha ukaukaji ili dawa ipate muda wa kufanya kazi.

Kwenye saketi za simu na vifaa vingine vya elektroniki mambo hugeuka. Hapo maji ni adui, na isopropanoli ya 99% huyeyusha grisi vizuri bila kuacha unyevu.

Usalama? Zote hushika moto upesi. Isopropanoli ni sumu ikinywewa. Ethanoli ya viwandani nayo huchanganywa makusudi isinyweke, wakati mwingine kwa methanoli, CH3OH, inayopofusha na kuua, kwa hiyo soma lebo.

Fundi wa simu achukue isopropanoli. Anayehofia virusi vya kuharisha, ethanoli, pamoja na sabuni. Mwenye mikono tu ya kutakasa atumie iliyopo, mradi nguvu yake inatosha.