Uzoefu wangu: seti ya ovahoo na kuchonga silinda Mbeya kwa mashine ya boti Yamaha Enduro 40

Seti ya ovahoo (vipuri vya kufufua injini) ninayoizungumzia hapa ni ya Yamaha Enduro 40 ya mipigo miwili, ile ya silinda mbili, cc 703. Siyo ya Yamaha wenyewe, imetengenezwa na kampuni nyingine, na bei yake iko chini sana kuliko ya kiwandani. Ndani ya boksi kuna pistoni mbili, ringi, pini, klipu na gasketi ya silinda hedi. Nimeitumia kwenye mashine zinazofanya kazi Ziwa Nyasa upande wa Matema, pamoja na huduma ya kuchonga silinda (kuitanua ili ipokee pistoni kubwa zaidi) kwenye karakana moja hapa Mbeya mjini. Pistoni naziamini. Uchongaji nao ni mzuri ukiusimamia. Lakini vitu vinavyoziua mashine hizi havimo kwenye boksi, na ukifunga kilichomo tu, baada ya muda utakuwa dukani ukiulizia boksi la pili.

Anza na pistoni za zamani. Usizitupe, zinasema mashine ilikufa kwa nini. Mikwaruzo ikiwa upande wa ekzosti peke yake, petroli ilikuwa pungufu na hewa ilizidi: kabureta imeziba, pampu ya petroli imechoka, au kuna mahali panavuta hewa. Mikwaruzo ikienea pande zote nne, maji hayakupita vizuri, au mashine imepewa resi kubwa kabla haijapata moto. Ikiwa upande wa kuingilia mchanganyiko wa petroli na hewa, oili ilikuwa kidogo au mchanga umeingia. Kichwa cha pistoni kikiyeyuka au kikitoboka katikati, angalia plagi isiyo ya namba yake, petroli mbovu, na taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche). Na ukikuta pistoni ya juu imeungua huku ya chini ikiwa nzima, moja ya vitu vya kwanza kushuku ni oili sili (mpira wa kuzuia uvujaji) ya juu ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ile iliyo chini ya flaiwili (gurudumu zito la juu ya mashine).

Sili hiyo ndiyo kasoro yangu kubwa kwa seti hii, kwa sababu haimo. Wala ya chini haimo. Kwenye mipigo miwili, chumba cha krenki ndicho kinachovuta na kusukuma mchanganyiko, hivyo sili iliyokakamaa inaingiza hewa isiyopitia kwenye kabureta. Silinda ya karibu yake inakosa petroli, na kwa kuwa oili imo ndani ya petroli, inakosa na oili pia. Unaweza kuchonga silinda kwa ustadi wote na kufunga pistoni mpya, kisha sili ya zamani ikaichoma tena. Nunua sili zote mbili, na hapa usibane matumizi, chukua za kiwandani. Paka grisi kwenye mdomo wa sili kabla ya kuingiza krenki.

Krenki yenyewe ikaguliwe kabla hujapeleka bloku (kipande chenye silinda) kuchonga, maana ikiwa mbovu hesabu ya matengenezo yote inabadilika. Shika konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), ivute juu na chini kwa kufuata urefu wake. Isicheze kabisa. Upande kwa upande, kichwa kidogo cha konrodi kinaruhusiwa kuyumba kidogo, lakini kikifika milimita 2 kimekwisha. Zungusha beringi kubwa kwa mkono zikiwa zimeoshwa na kupakwa oili: ukisikia kama changarawe, badilisha. Krenki hizi zimeunganishwa kwa presi. Hazichomelewi, na hazinyooshwi kwa nyundo. Karakana isiyo na presi na saa ya kupimia mzunguko isiiguse. Beringi za sindano za kwenye pini ya pistoni, kama sindano zake ni huru, zihesabu wakati wa kuzitoa na uzihesabu tena wakati wa kurudisha. Sindano moja ikidondokea chini, kazi yote imekwenda.

Sasa uchongaji. Silinda ya mashine hii ni milimita 80, na ovasaizi (nyongeza za ukubwa wa pistoni) zilizozoeleka ni 0.25 na 0.50. Fundi apime silinda sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kila sehemu apime kwa pande mbili zinazokatana. Tofauti ya juu na chini ikizidi 0.08, au mviringo ukipotoka zaidi ya 0.05, ringi mpya pekee hazitasaidia, lazima ichongwe. Peleka bloku pamoja na pistoni. Usikubali ichongwe kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu pistoni mbili za boksi moja nimezikuta zikipishana kwa 0.01 hadi 0.02. Kila tundu lichongwe kulingana na pistoni yake, zipimwe sketi (sehemu ya chini ya pistoni) karibu milimita 10 kutoka ukingo wa chini, upande usio na pini, kisha andika J na C kwa kalamu ya rangi ili ya juu isije ikafungwa chini. Nafasi kati ya pistoni na ukuta inakaribia 0.06, na kipimo kamili kifuatwe cha kitabu cha mashine. Ikibana zaidi ya hapo itashika ikipata moto. Ikilegea italia kama debe na ringi hazitadumu.

Karakana niliyoitumia naipa nyota nne. Vipimo vyao vinaaminika na walitoa karatasi ya namba za kila silinda, jambo ambalo wengi hawafanyi. Nyota ya tano imekosekana kwenye poti, yaani matundu ya ukutani mwa silinda. Karakana nyingi za Mbeya kazi zao za kila siku ni malori, trekta na Land Cruiser, na injini za mipigo minne hazina matundu ukutani mwa silinda. Ya kwetu inayo, ya kuingizia mchanganyiko na ya kutolea moshi, na mashine ya kuchongea ikipita inaacha kingo za matundu hayo zikiwa kali kama wembe. Ringi inapopita pale hutanuka kidogo kuelekea nje. Ikikuta ukingo mkali, inanasa na kukatika, na kipande chake kinakwangua kila kitu. Ukipitisha kidole kwenye poti baada ya kuchonga na ukahisi ukali, bloku haijaisha. Waambie wazi kabla hawajaanza: kingo zote zipunguzwe ukali kwa faili laini ya mviringo au jiwe dogo, upana wa nusu milimita unatosha, halafu ndipo ipigwe honi (isuguliwe ndani kwa mawe laini) mpaka ionyeshe mistari inayokatana.

Baada ya honi, osha bloku kwa maji ya moto na sabuni ya unga, ukisugua kwa brashi. Petroli haiondoi unga wa mawe ya honi, inausambaza tu. Chovya kitambaa cheupe kwenye oili safi, pangusa ukuta wa silinda. Kikitoka na kijivu, rudia kuosha. Kikitoka cheupe, paka oili papo hapo, kwa maana chuma kitupu kinaanza kutu haraka, hasa msimu wa mvua.

Ringi zipimwe ndani ya silinda yenyewe. Ingiza ringi, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kama milimita 20 kutoka juu, upime mwanya wake kwa fila geji (vibamba vya kupimia mwanya) na ulinganishe na kitabu. Mwanya ukiwa mdogo mno, ncha zitagusana mashine ikipata moto. Alama iliyogongwa kwenye ringi itazame juu, na ncha zikae kwenye vipini vidogo vilivyomo ndani ya mifereji ya pistoni. Mshale au alama ya kichwani mwa pistoni ielekee kama kitabu kinavyosema. Klipu za seti hii ni laini mno, zitupe na ununue za kiwandani. Klipu ya zamani hairudishwi kamwe, na mdomo wa klipu usitazamane na pengo la kwenye pistoni.

Nusu mbili za kesi ya krenki hazina gasketi kati yake. Hapo huwekwa gundi maalumu inayoganda pasipo hewa, utando mwembamba tu. Silikoni nyekundu ya dukani ndiyo mafundi wengi wanayokimbilia, nami naipinga kwa nguvu zote. Petroli inailegeza, vipande vinang'oka na kwenda moja kwa moja kwenye beringi. Ridi valvu (vibamba vinavyoruhusu mchanganyiko kuingia bila kurudi) nazo uzitazame kwenye mwanga. Ubapa ukiwa umepinda au umeanza kumeguka ncha, badilisha.

Upande wa maji, Matema ina faida na hasara zake. Maji hayana chumvi, kwa hiyo bolti hazigandi kama za pwani ya Bahari ya Hindi. Lakini ufukwe ni mchanga, na mvua zikiwa kubwa mito kama Kiwira na Mbaka inamwaga tope ziwani. Mchanga huo unakula impela (pangaboi dogo la pampu ya maji) na kukaa ndani ya njia za maji za bloku. Impela, ufunguo wake, kikombe na bamba la chini vibadilishwe kwa pamoja. Impela mpya kwenye kikombe chenye mifereji haisukumi maji ipasavyo. Fungua kifuniko cha ekzosti pia, utoe mchanga kwa waya na maji ya presha. Gasketi zake hazimo kwenye seti, uzinunue kabla ya kufungua. Thamostati (valvu ya maji inayofunguka kwa joto) iweke kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto: inapaswa kuanza kufunguka kwenye nyuzi 48 hadi 52, na kuwa wazi kabisa ikipita 60. Silinda hedi iwekee rula ya chuma. Ikipinda zaidi ya 0.1, isugue kwa msasa wa 400 juu ya kioo kinene, kwa kuzungusha. Bolti zikazwe kwa spana ya toki (yenye kipimo cha nguvu ya kukaza), hatua mbili, kuanzia katikati kwenda nje.

Jambo linalohusu sisi wa huku zaidi ya wengine ni mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko chini ya mita 500. Kipimo cha kompresheni kikisomwa Mbeya kinatoka chini kwa asilimia kama 14 kuliko kingesomeka Matema, hivyo usimlaumu aliyechonga kwa namba ndogo. Kilicho muhimu ni silinda mbili zisipishane zaidi ya asilimia 10. Hatari iko kwenye kabureta. Mbeya hewa ni nyepesi, mashine inaonekana kunywa petroli nyingi na kutoa moshi, na fundi anashawishika kuipunguzia petroli mpaka sailensa (mwendo wa chini bila resi) itulie. Ukishuka nayo Kyela kupitia Tukuyu na kuiweka majini, hewa imekuwa nzito, petroli imepungua, na pistoni mpya zinaungua upande wa ekzosti. Mbeya weka skrubu kwenye mizunguko ya kitabu basi, ujaribu tu kama inawaka na maji yanatoka. Marekebisho ya mwisho yafanyike ziwani, boti ikiwa na mzigo.

Kwa saa 10 za kwanza changanya oili 25 kwa 1, yaani mililita 800 kwa lita 20 za petroli. Baada ya hapo 50 kwa 1, mililita 400. Oili iwe yenye alama ya TC-W3, ya mashine za boti zinazopozwa na maji. Ile ya chenso (msumeno wa injini) inayojaa madukani Mafinga na Njombe ni ya injini zinazopozwa na hewa, na kwenye mashine ya boti inaacha masizi yanayobana ringi. Dakika 10 za mwanzo iache kwenye sailensa. Dakika 50 zinazofuata usizidi nusu resi. Saa ya pili robo tatu. Saa nane zilizobaki resi kubwa inaruhusiwa, ila isizidi dakika tano mfululizo. Saa 10 zikitimia, toa plagi zote mbili na ulinganishe rangi zake. Ya juu ikiwa nyeupe na ya chini kahawia, simamisha kazi na urudi kwenye sili ya juu.