Sakafu ya mbao za tabaka juu ya zege: gundi, kuelea au misumari?

Mbao za tabaka zina uso wa mbao halisi, mara nyingi mwaloni, wenye unene wa milimita 2 hadi 4, uliogandishwa juu ya plaiwudi ambayo nyuzi zake zimepishanishwa. Unene wote huwa milimita 14 au 15. Kupishana huko kwa nyuzi ndiko kunakozuia ubao usivimbe na kupinda kama ubao mzima. Zisichanganywe na lamineti, ambayo uso wake ni karatasi iliyochapwa picha ya mbao.

Njia za kuzitandika ni tatu: kuzibandika kwa gundi, kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe zikae juu ya foamu bila kushikwa na chochote chini (hiyo ndiyo kuelea), au kuzipigilia misumari. Kwa nyumba zetu nyingi, ambazo chini ni zege na simenti, tathmini yetu ni hii: gundi hutoa sakafu bora kuliko zote, kuelea ni salama zaidi pale unyevu wa chini unapotiliwa shaka, na misumari iachwe isipokuwa tayari una sakafu ya mbao.

Kinachoamua ni unyevu, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Viwanda vya Ulaya hutoa mbao hizi zikiwa na unyevu wa asilimia 5 hadi 9. Hewa ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, ambayo siku nyingi hufika asilimia 75 na kupita, huusukuma ubao hadi karibu asilimia 14. Ubao lazima utanuke, hasa kwa upana. Kwa hiyo maboksi yalazwe ndani ya chumba kilekile kwa saa 48 hadi 72, yasisimamishwe ukutani wala kuwekwa stoo. Kama chumba kitatumia kiyoyozi, kiwashwe siku hizo kama kitakavyotumika baadaye. Nyumba inayofungwa na kuzimwa kiyoyozi kwa wiki kadhaa ndiyo inayofumuka sakafu, kwa hiyo huko pwani nafasi ya kutanukia pembezoni iwe milimita 15 kamili, hata pale mwongozo unaporuhusu 10. Nafasi hiyo iende pande zote: chini ya fremu za milango, kuzunguka nguzo, kwenye kizingiti. Ubao wa ukingoni (skatingi, ule unaosimama chini ya ukuta kufunika nafasi hiyo) upigiliwe ukutani, kamwe usipigiliwe sakafuni.

Simenti nayo ina maji yake. Kipimo kinachokubalika kwa sakafu ya simenti ni asilimia 2 kwa chupa ya kabaidi (kifaa kinachopima maji yaliyomo kwenye kipande cha simenti kilichopondwa), au unyevunyevu usiozidi asilimia 75 kwa haigromita, kipima unyevu wa hewa, iliyofunikwa juu ya zege. Sakafu mpya hukauka kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku kwa milimita 50 za kwanza, kisha taratibu zaidi, na hiyo ni hali ya hewa ikiwa nzuri. Ile iliyomwagwa kabla ya masika haitakuwa tayari mwezi unaofuata. Asiye na kifaa akate nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, aibandike chini kwa teipu pande zote nne, aiache saa 24. Ukiona matone au weusi chini yake, kazi isianze. Ila nailoni kavu haithibitishi kwamba zege ni kavu hadi ndani. Inaondoa tu hatari iliyo wazi.

Kisha unyoofu. Laza alumini ndefu ya kunyooshea plasta, mita 2, pande zote za chumba: tofauti isizidi milimita 3. Palipoinuka pasagwe, palipobonyea pajazwe kwa saruji ya kujisawazisha. Foamu nene haitibu mabonde. Ikizidi milimita 3, viungo vinacheza kila mtu anapopita, na baada ya miezi ulimi wa kliki (ukingo wa ubao unaojifunga kwenye mwenzake bila gundi) unavunjika.

Sasa gundi. Inayofaa ni ya poliyurethani au ya polima ya silani, kwa sababu haina maji. Gundi za maji huuvimbisha ubao kabla haujashika. Hutandazwa kwa mwiko wa meno, kiasi cha kilo 1 hadi 1.2 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo chumba cha mita 4 kwa 5 kinataka ndoo mbili za kilo 15. Fundi akikuambia ndoo moja inatosha, amepanga kuweka madoa madoa. Meno ya mwiko yakilika, matuta ya gundi yanakuwa mafupi na hayaufikii mgongo wa ubao. Kila baada ya safu chache fundi anyanyue ubao mmoja autazame: gundi iwe imeshika karibu mgongo wote. Ikiwa imebaki mistari myembamba, abadilishe mwiko pale pale.

Gundi hizi hukauka kwa kula unyevu wa hewa, na ndiyo maana pwani hufanya ngozi haraka kuliko kopo linavyoahidi. Tandaza eneo linaloweza kufunikwa ndani ya nusu saa tu. Iliyodondoka juu ya ubao ifutwe ikiwa mbichi. Poliyurethani ikishakauka haitoki bila kuharibu vanishi. Watu wasikanyage kwa saa 24, na samani nzito zisubiri 48.

Adui mkubwa wa gundi hapa kwetu ni niru. Ule uso laini unaong'aa, mara nyingi wenye nta ya miaka, haushikiki. Usagwe kwa mashine hadi simenti ya ndani ionekane, ufyonzwe vumbi kwa vakyumu, si kufagiliwa tu. Kwenye sakafu ya zamani yenye unga, gundi itashika vizuri, lakini itabandua simenti yenyewe. Kwaruza kwa msumari: kama unachimbika kwa urahisi, weka praima ya epoksi kwanza au chagua kuelea. Nyumba ya chini isiyo na nailoni chini ya zege nayo inataka epoksi mikono miwili kabla ya gundi, na hiyo huongeza gharama vya kutosha kukufanya ufikirie upya.

Faida yake inaonekana ukitembea. Hakuna mlio wa utupu, hakuna kudunda, na mbao pana za milimita 180 kwenda juu hutulia. Kwa sebule ndefu, hatuna cha kuibishia.

Kuelea kuna vitu vichache vya kuharibu. Tandika nailoni ya mikroni 200, iingiliane sentimita 20 na kubandikwa teipu, kisha foamu ngumu ya milimita 2 au 3, kisha mbao. Pima upana wa chumba kabla ya kuanza: kama safu ya mwisho itabaki chini ya sentimita 5 au 6, pasua safu ya kwanza. Viungo vya ncha vipishane angalau sentimita 30. Mbao za ulimi na mfereji zisizo na kliki zitiwe gundi ya mbao ya daraja la D3, ile inayovumilia unyevu kiasi, ndani ya mfereji, kamwe si chini. Inaweza kulazwa juu ya vigae au terazo bila kubomoa, mradi hakuna kigae kinachocheza.

Kinachoiua ni kubanwa. Kabati la jikoni lililofungwa juu yake, kizuizi cha mlango kilichotobolewa hadi kwenye zege, au silikoni iliyofichwa chini «ili isicheze»: kila kimoja kinatosha kuinua kiungo katikati ya chumba. Kabati lijengwe kwanza, sakafu iishie mbele yake. Mita 8 hadi 10 zikipita, weka ukanda wa kugawa. Na kwenye ghorofa za nyumba za kale za Mji Mkongwe au Lamu, zilizobebwa na boriti na kujazwa mawe na chokaa, kuelea ndiyo njia pekee ya maana: vyumba ni vyembamba, na chokaa inayomeng'enyuka haibebi gundi wala msumari.

Misumari inataka plaiwudi ya milimita 18 au sakafu imara ya mbao, ikipigwa kwa pembe ya digrii 45 kupitia ulimi kila sentimita 20 hadi 25. Juu ya zege lazima ujenge fito kwanza. Milango yote itakatwa, na uwazi gizani chini ya mbao ni mwaliko kwa mchwa.

Hesabu asilimia 10 zaidi ya eneo, na baki na boksi moja. Ubao wa kuelea ulioharibika hufikiwa kwa kufungua safu kutoka ukuta wa karibu. Uliobandikwa hukatwa katikati kwa msumeno uliowekwa kina cha unene wake, hutolewa kwa patasi, gundi ya zamani ikasagwa, na mpya ukaingizwa baada ya kukatwa mdomo wa chini wa mfereji wake.