Taarifa za kukosekana kwa maji Dar: nazipa nyota tatu, na hivi ndivyo ninavyozisoma

Nyota tatu kati ya tano. Siku hizi taarifa kwa umma ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, inakuja kwa meseji na mitandaoni, halafu inasambaa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kabla hujamaliza chai. Hiyo ni nyota moja. Ya pili naitoa kwa sababu taarifa nyingi hutaja sababu, na ya tatu kwa kutaja maeneo. Nyota mbili nimezibana kwa ajili ya saa.

Ukisoma "huduma itarejea saa 12 jioni", elewa kwamba hiyo kwa kawaida ni saa ya fundi kumaliza kazi. Maji bado yana safari. Bomba la inchi 12 linabeba kama lita 70 kwa kila mita ya urefu wake, kwa hiyo kilomita moja iliyokauka inameza lita 70,000 kabla ya mtu yeyote kuona tone. Tena haijazwi kwa pupa. Hewa iliyomo lazima itoke kwanza, na valvu zikifunguliwa kwa haraka presha inapiga ghafla na bomba linapasuka mahali pengine. Ndiyo maana wa bondeni huoga leo na wa mlimani, kama Kimara au Goba, husubiri mpaka usiku wa manane au kesho yake.

Kwa hiyo mimi saa naisoma mwisho. Kwanza naangalia chanzo. Sehemu kubwa ya maji ya Dar inatoka Mto Ruvu kupitia mitambo miwili: Ruvu Juu, Mlandizi, wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini, Bagamoyo, lita milioni 270. Kwa ujumla Ruvu Juu hulisha ukanda wa Kibaha, Mbezi ya Kimara, Kimara na Ubungo. Ruvu Chini hulisha ukanda wa Bunju, Tegeta, Mbezi Beach, Mwenge na kuteremka mjini. Ukishajua uko upande gani, maneno "na maeneo ya jirani" hayakusumbui tena. Taarifa ikitaja mtambo wako, jihesabu umo, hata kama jina la mtaa wako halijaandikwa.

Kisha naangalia sababu. Umeme kukatika mtambuni ndiyo habari nyepesi kidogo: pampu zikiwaka, bomba halijakauka sana. Bomba kuu kupasuka ni habari nzito, ongeza siku nzima juu ya muda uliotajwa. Matengenezo yaliyopangwa yako katikati. Mgao ni jambo tofauti kabisa. Oktoba 2022 kina cha Ruvu kiliposhuka kwa ukame, mji uliingia kwenye ratiba, na hapo hakuna fundi wa kumsubiri. Unaishi kwa zamu.

Akiba naihesabu kwa lita 50 kwa mtu kwa siku wakati wa shida: kupika, kuoga kwa ndoo na choo. Watu watano ni lita 250, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 ni siku nne, mradi hakuna anayefua. Kama tanki lako liko juu ya mnara, usilitegemee siku maji yanaporudi. Presha ya bar 1 inapandisha maji mita 10 tu, na presha ya mwanzo mara nyingi haifiki hata nusu ya hapo. Tanki la chini ndilo hujaa kwanza, kisha unapandisha kwa pampu. Usiifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa: inamnyima jirani, na bomba likiwa tupu inavuta tope kupitia kila ufa.

Sasa sehemu ambayo taarifa haziisemi, na ndiyo inayokula hela. Maji yakikatika, funga koki iliyo baada ya dira, yaani mita ya maji. Yanaporudi, hewa inatangulia kwa kasi, na dira nyingi za kawaida huzunguka kwa hewa vilevile. Koki ikiwa imefungwa, hewa haina njia ya kupita kwako. Subiri mpaka usikie mtaa umetulia, fungua koki robo, na utumie bomba la nje lililo chini kabisa. Litatema, litakohoa, litatoa maji ya rangi ya chai. Hayo mwagia bustani. Yakiwa meupe ndiyo ufungue njia ya tanki. Ukiruhusu maji ya kwanza yaingie tankini, mchanga unakaa kwenye valvu ya boya, haifungi vizuri, na tanki linafurika usiku kucha kwa bili yako.

Kuhusu dira: piga picha siku ya kukatika na siku ya kurudi. Kwenye dira nyingi tarakimu nyeusi ni uniti, na uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Nyekundu ni vipande vya uniti. Funga mabomba yote ya ndani uangalie kigurudumu kidogo cha nyota. Kikizunguka, kuna uvujaji baada ya dira, na huo ni wako kulipia. Kabla ya dira ni wa mamlaka.

Unapotoa taarifa ya uvujaji, "karibu na duka la Mangi" haitoshi, maduka hayo yako mia. Taja mtaa na kata, na namba ya dira iliyo karibu. Sema kama maji yanachuruzika au yanaruka, na kama ni safi au ya matope. Omba namba ya taarifa na uiandike. Lalamiko la bili linaanzia ofisi ya mamlaka kwa maandishi, pamoja na zile picha. Lisipopata jibu la kuridhisha, linapelekwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji.

Jambo moja lingenifanya nitoe nyota ya nne: saa mbili kwenye taarifa moja. Saa ya kuwasha pampu, na saa ya kutarajia maji kwenye mitaa ya mwisho wa laini.