Serebro, "Nguvu ya Watatu": watatu gani hasa?

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo nina albamu ya Kirusi, Sila Trekh, ya kundi la kina dada linaloitwa Serebro. Ilitoka 2016. Serebro maana yake fedha. Fedha ya pete na mikufu, siyo ya nauli. Jina la albamu lenyewe ni Nguvu ya Watatu, na hapo ndipo nilipocheka. Watatu gani?

Hebu hesabuni nami. Mwaka 2007 prodyusa Maxim Fadeev alipeleka kundi jipya kabisa kwenye Eurovision, lile shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, kule Helsinki, Finland: Elena Temnikova, Olga Seryabkina na Marina Lizorkina. Wakashika nafasi ya tatu. 2009 Marina akatoka, akaingia Anastasia Karpova. 2013 Anastasia naye kwaheri, karibu Daria Shashina. Mwaka uliofuata akaondoka Elena, yule aliyekuwa sura ya kundi, nafasi yake akapewa Polina Favorskaya. 2016 Daria akampisha Katya Kischuk. Mmechoka? Mimi nilichukua kalamu.

Sasa, nyimbo za humu zilikuwa zikitoka mojamoja kwa miaka. Mi Mi Mi ni ya 2013, Anastasia bado yupo. Kiss ni ya 2015, yeye hayupo, Elena hayupo. Diski moja, wenyeji tofauti kila chumba.

Lakini vaeni visikilizio, muisikilize Mi Mi Mi. Kinanda kinarukaruka, besi inagonga chini, halafu kiitikio ni kasilabi kamoja tu kanarudiwa mpaka unakaimba ukiosha vyombo. Ukihamia Kiss, mkono ni uleule. Huyo ni Fadeev. Na mashairi mengi ya kundi hili ni kazi ya Olga, ambaye wakati huo ndiye pekee aliyebaki katika wale wa Helsinki. Kwangu mimi, nguvu ya watatu ni ya hawa wawili.

Kasoro? Usitegemee kumzoea mwimbaji. Ukimpenda mmoja, wimbo unaofuata huenda hayupo, na sauti zimesafishwa mno kiasi kwamba kuzitofautisha ni kazi.

Nunua kwa ajili ya biti. Kama unataka kundi la kulishabikia kwa majina, anza na albamu yao ya kwanza ya 2009, ile ya wale watatu wa mwanzo. Maana 2019 hata Olga aliondoka, Fadeev akaweka wasichana watatu wapya, jina likabaki lilelile.