Tuisheni ya Kiingereza ya jioni Majengo Moshi, nimesoma miezi mitatu, haya ndo niliyoyaona

Naona watu wanauliza sana mtu mzima atasoma wapi Kiingereza hapa Moshi bila kuaibishwa, basi ngoja niseme nilichokiona mwenyewe. Mi ni mpagazi, mwaka wa sita sasa nabeba Kilimanjaro, njia ya Machame zaidi, na masika hii mlima ulivyopoa nikasema sikai kijiweni, nikajiandikisha kwenye lile darasa la jioni la ukumbi wa kigango kule Majengo, ambalo wenyewe wanaliita kwa Fadha. Usitafute bango, hamna. Mwambie bodaboda kwa Fadha tu anakupeleka.

Fadha mwenyewe alishafariki. Mi nilikuwa sijui, nimefika siku ya kwanza na Tumsifu Yesu Kristo yangu mdomoni, nakuta mama wa makamo kajifunga kitenge anafuta ubao, kumbe ndo mwalimu. Alisoma kwa Fadha sekondari. Yaani padri yule mchana alikuwa anafundisha Kiingereza shuleni, jioni anakuja hapa kufundisha watu wa mtaani, wauza mitumba wa soko la Memorial, mafundi, wapishi wa mlimani, na alipofariki wanafunzi wake wa zamani wakagawana siku. Jumatatu na Jumatano ni mama huyo, Jumanne kaka mmoja wa hotelini, Ijumaa mzee mwalimu mstaafu. Ada 20,000 kwa mwezi, inaishia kwenye chaki, umeme na mlinzi, hamna anayelipwa kufundisha.

Sasa ufundishaji. Niliwahi kulipia kituo kimoja mjini, jina naliacha, tukakariri go went gone mpaka kichwa kinauma, nikapewa cheti na bado mgeni akiniuliza kitu naita mwenzangu aje ajibu. Hapa wanaanzia kwenye Kiswahili chako. Mama aliandika ubaoni nimefika, akasema hiyo me ndo have yao, mmekuwa nayo mdomoni tangu utotoni. Halafu akatutahadharisha, sisi tunasema nimefika jana na hamna anayeshtuka, ila Mwingereza akishataja jana ile have anaitoa, anasema I arrived yesterday. Aisee dakika kumi nimeelewa kitu kilichonishinda sekondari miaka minne! Na he na she, mama alisema hamkosei kwa ujinga, mnakosea kwa sababu ile a ya anakuja haina habari na mwanaume wala mwanamke, kwa hiyo kabla hujafungua mdomo mwone huyo mtu kichwani kwanza. Kila akieleza hivi anamalizia Fadha alikuwa anasema, Fadha alikuwa anasema.

Kuna kaunta buku nne za Fadha, mwandiko wa kalamu ya bluu, zimevalishwa nailoni, na mazoezi yote yanatoka humo. Mifano ni ya huku huku, kahawa inaanikwa, nani kafungulia maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba, zamu isiyo yake. Vitabu tulivyosomea sisi vilikuwa na theluji za mitaa ya Ulaya, wakati umetoka shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, unaingia kidato cha kwanza biolojia yote Kiingereza, ukikwama unaonekana mvivu.

Kucheka mtu ni marufuku. Ukisahau s, ukasema she carry, jirani yako ananyoosha kidole kimoja juu, basi, unarudia sentensi. Dini haiingizwi, anayeingia na Asalaam aleikum anaitikiwa vizuri na anakaa anapotaka. Kingine mama akikuuliza swali ananyamaza. Mwanzo nilidhani kasahau kama kaniuliza mimi, nikawa natamani aulize mwingine, lakini wapi, anakutazama tu kwa upole mpaka ulitoe.

Ijumaa yule mzee anasoma Shakespeare, Mabepari wa Venisi ile aliyotafsiri Mwalimu Nyerere iliyotoka 1969, ukurasa kwa Kiswahili kisha ule ule kwa Kiingereza. Kiingereza cha zamani kile hakitakusaidia na mgeni, ila mi sikukosa Ijumaa hata moja.

Mabaya yapo. Mabenchi hayana mgongo, umeme ukikatika mnasomea tochi za simu, Jumanne mnabanana mpaka wengine wanasimama. Mazoezi ya kusikiliza hamna, Mmarekani akiongea haraka bado ananiacha. Na kama unataka cheti cha kumpelekea mwajiri usije, hawatoi.

Mwezi wa sita nikarudi mlimani. Tuko kambi ya Barranco, mita 3,900 na kitu, jioni, mzigo wangu wa kilo 20 nimeshautua, mama mmoja mgeni, mtu mzima kabisa, akaniuliza haya mawingu vipi. Zamani ningeita mtu. Nikamjibu the cloud come in the afternoon and go at night. Kwa nyuma yake kuna mzee muongoza wageni wa kundi jingine, simjui hanijui, kashika kikombe cha chai, akanyoosha kidole kimoja. Mwili ulinisisimka. Nikarudia, comes, goes. Baadaye nikamfuata, shikamoo mzee, umesoma kwa Fadha? Akasema marahaba, nilimaliza 1994, hivi lile benchi la dirishani bado lipo?

Tukaongea mpaka baridi ikatufukuza. Akaniambia Fadha akikukuta barabarani anakuuliza kitu kwa Kiingereza halafu anakungoja, hata mvua inanyesha anakungoja, na kwao yeye mzee walizaliwa watoto tisa hakuna aliyewahi kumngoja amalize sentensi, awe baba awe mwalimu. Nikamwambia yule mama wa Jumatatu naye anangoja hivyo hivyo. Mzee akakaa kimya muda mrefu.

Saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja jioni, daftari lako na kalamu inatosha, mwezi wowote wanapokea. Mi narudi vuli zikianza. Yule mzee kasema atashuka Ijumaa moja aje kuona hizo kaunta buku, nimeshamwambia mama, kasema benchi la dirishani litaachwa wazi.